Anayekimbia Hasalimiwi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa ndani ya kabati la nguo nagombana na binti yangu, na ugomvi wenyewe ulikuwa umeshaanza kabla ndoto haijafika.

"Mimi natoka," Yunisi alikuwa anasema.

"Hutoki. Kaa."

"Mama, nimekaa humu mpaka nimekufa ganzi."

"Ganzi haijaua mtu."

Tulikuwa tunanong'ona kwa sababu tulikuwa tumejificha. Yunisi alikuwa amenikalia mapajani, msichana wa kidato cha tatu aliyeshanizidi urefu, magoti yake yako kidevuni kwangu na nyayo zake zimekanyaga zangu. Nje ya kabati ulikuwa mchana wa jua kali, nguo zimeanikwa kambani, kuku wanachakura. Hilo lilinishtua, maana siku zote nilidhani mambo haya yanahitaji giza.

Nieleze ni mambo gani. Yunisi ana mchezo kwenye simu, anaucheza na wenzake walio mbali, kila mmoja kwao. Wachezaji wanaingia kwenye nyumba ya kutisha, na mmoja wao anakuwa Mkimbizaji, kazi yake kuwakamata wengine kabla hawajatoka getini. Kila nikipita nyuma yake namwona yuko uwanjani, mahali peupe kabisa, anakimbizwa na hilo dude, na anacheka. Na mimi kila mara namwambia kuna vitanda humo ndani, kuna makabati, jifiche. Ananijibu kwamba kujificha ni kwa watu wasiojua kucheza. Sasa mchezo ulikuwa umetukuta wote wawili, nyumba ilikuwa yetu wenyewe, na mimi ndiye niliyemvuta kabatini kwa mkono.

Hoja yake humo ndani ilikuwa ileile. Alisema anayejificha anaogopa muda wote, anayekimbizwa anaogopa akiwa na kazi ya kufanya. Alisema mmoja akikimbizwa wengine wanapata nafasi ya kufika getini, lakini wote wakijificha hakuna anayefika popote. Nikamwambia sikumzaa ili akimbizwe. Nikamwambia tuna mlango unaofungika, tuna nguo za kujifunika na nimeingia na chupa ya maji. Mwenye akili anatulia, anasubiri wenye haraka wamalize.

"Wamalize nini?" akauliza.

Nikamwambia aache ubishi.

"Samahani," sauti nyingine ikasema. "Mngeweza kugombana bila kusukumana? Bawaba zangu zinauma."

Lilikuwa kabati. Nimelinunua mimi mwenyewe, nimelipangusa miaka yote, halijawahi kunitamkia neno. Nikaliuliza limeanza lini kuongea. Likasema siku zote linaongea, ila watu wanafungua, wanachukua blauzi, wanaondoka. Likasema kwamba kabla ya kuwa kabati lilikuwa mwalimu wa jiografia. Lilijificha kwenye chumba hikihiki. Lilijificha vizuri sana, likanyamaza vizuri sana, na maharage yakaiva likiwa bado limejificha.

"Maharage gani?"

"Ya jikoni. Maharage yakiiva geti linafungwa, na atakayekuwa bado ndani anageuka samani. Kochi lenu la watu watatu ni fundi cherehani, na wenzake wawili waliojificha nyuma yake."

Nilishtuka, lakini sikuchanganyikiwa. Maharage nayajua. Nikanusa. Harufu ilikuwa ya maharage matupu, hata kitunguu bado. Nikamwambia Yunisi kwamba muda upo, tutakaa mpaka tusikie harufu ya nyanya, halafu tutatoka taratibu kama watu.

Yunisi akaniwekea kidole mdomoni. Kuna mtu alikuwa ameingia chumbani.

Tunachungulia kwenye ufa wa mlango. Nyuma ya pazia la dirisha amesimama Mama Gaspa, jirani yetu, miguu yake miwili inaonekana chini ya pazia, na mbele ya kitanda amesimama Mkimbizaji. Kichwa chake kinagusa dari. Amevaa sare ya shule iliyopigwa pasi vizuri, soksi zimevutwa, shati limechomekwa. Mahali pa uso pako tupu, laini kama sinia. Mgongoni amebeba kiroba. Hana viatu, ameviacha mlangoni, vimepangwa sambamba.

Hatafuti. Hainami chini ya kitanda wala hagusi pazia. Anakunja mikono mbele, anainamisha kichwa, anasema kwa sauti ya mtoto aliyelelewa:

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," Mama Gaspa anaitikia nyuma ya pazia. "Hawajambo kwenu?"

Mkimbizaji anapiga magoti, anashika miguu miwili iliyo chini ya pazia, anaivuta. Inatoka kuanzia kwenye vifundo, bila damu, kama mtu anavyovuliwa kandambili. Anaitia kwenye kiroba. Anashukuru, anatoka, na mlangoni anavaa viatu vyake na kufunga kamba.

Pazia lilibaki limesimama. Mama Gaspa alikuwa bado anauliza habari za bibi yao.

Tangu tukiwa wadogo tuliambiwa maana ya neno lile ni nashika miguu yako. Tulilichukulia kama maneno ya zamani. Sikuwahi kufikiri kuna atakayelifuata lilivyo.

"Ndiyo adabu yake," Yunisi akaninong'oneza. "Watu wazima anawasalimia. Akiitikiwa, anashika. Sisi watoto hatusalimii, kwa hiyo hana njia ila kutukimbiza."

"Na mtu mzima akikimbia?"

"Anayekimbia hasalimiwi, mama. Umeshaona wapi mtu anamwambia shikamoo mtu aliye mbioni?"

Sijaona. Hata hivyo nilimjibu kwamba dawa ni rahisi kuliko mbio: nitanyamaza. Mimi nafanya kazi stoo, watu wanasimama dirishani wakinibembeleza niwatolee vifaa bila sahihi ya mkuu wao, na nawatazama tu. Kunyamaza nakujua. Nikachukua mkono wa koti langu la mvua, nikauuma.

Kabati likasema, "Hata mimi nilidhani hivyo."

Kitunguu kikanukia jikoni.

Mkimbizaji alirudi. Tulisikia anavua viatu, kamba moja, kamba ya pili. Akaja mpaka mbele ya kabati, akasimama, na pale kwenye ufa hatukuona tena chumba, tuliona vifungo vya shati.

"Shikamoo."

Nikauma koti.

Akasubiri. "Shikamoo, mama."

Nikauma mpaka nikahisi ladha ya mpira. Yunisi alikuwa amenishika uso kwa mikono miwili na anatikisa kichwa, hapana, hapana. Ndipo yule mwenye sare akashusha pumzi, akajisemea polepole, kama mtoto aliyetumwa nyumba ya watu akakuta hawamtaki:

"Mama huyu hapendi kuniitikia."

Sikuweza. Nimelea watoto, wa kwangu na wa dada yangu. Mdomo uliachia koti wenyewe.

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Mlango wa kabati ukafunguka kiasi cha mkono kupita. Mkono ukaingia gizani, ukapapasa chini, ukakuta nyayo, ukashika zile za juu. Nilisikia zinatoka. Mkono ukarudi, mlango ukafungwa kwa heshima, na sauti ikasema ahsante.

Nilitikisa vidole vyangu vya miguu. Vilikuwepo vyote.

"Mama," Yunisi akasema, "umeitikia wewe, amechukua yangu."

Hakulia. Nilipapasa chini na kukuta vifundo vyake vimeishia pale, laini, pakavu, kama mwisho wa mguu wa meza. Nikapandisha mkono. Kwenye goti lake la kulia kulikuwa na kitu kigumu cha duara. Kilikuwa kishikio cha droo.

Nikaliuliza kabati kama inawezekana mtu kuanza kugeuka sasa hivi. Likasema kwa wasio na miguu haisubiri maharage, inaanza mapema. Halafu likaongeza, bila nia mbaya, kwamba pembeni yake kuna nafasi ya meza ya kujipodolea, na kwamba maisha ya chumbani hayana tabu, asubuhi kuna jua. Nikalipiga teke.

"Sikiliza," Yunisi akasema, na sauti yake ilikuwa imeanza kugonga kama mbao. "Hawezi kukimbia na kiroba. Akimkimbiza mtu anakitua mlangoni. Kwa hiyo inabidi mtu amtoe mbio, azunguke naye, amwache nyuma, arudi kwenye kiroba kabla yake."

"Mtu gani?"

Ndani ya kabati lile mwenye miguu alikuwa mmoja.

Mimi sikimbii. Mvua ikininyeshea natembea. Gari likitaka kuniacha naliacha. Mtu wa umri wangu akionekana anakimbia mtaani, watu wanajua kuna msiba au kuna moto. Niliyawaza hayo yote huku mkono wangu uko kwenye lile goti, na chini ya kishikio cha kwanza nikahisi kinachomoza cha pili.

Nikausukuma mlango wa kabati, nikatoka peupe.

Mkimbizaji alikuwa sebuleni. Aliponiona alikunja mikono mbele, akainamisha kichwa, akaanza, "Shika—," na mimi nikanyanyua gauni, nikakimbia. Neno likamkatikia. Akatua kiroba pembeni ya mlango wa mbele, akakiegemeza vizuri kisianguke, akaja.

Nakimbia. Korido yetu ni fupi, lakini leo haiishi. Inakuwa ukumbi wa chuo nilikosomea, wenzangu wote wameinama wanafanya mtihani, msimamizi ananiambia muda bado. Napita katikati ya madawati. Mlango wa ukumbi unafungukia mnadani kwenye nguo za mitumba, mashati yaliyotundikwa yananishika mabega, yanauliza namba yangu. Nyuma yangu nasikia viatu vya shule, pa, pa, pa, haviko mbali wala havikaribii.

Natokea mtaani kwetu, jua utosini. Majirani wamesimama kwenye nyua zao na vikombe mkononi.

"Mama Yunisi, kuna nini?"

Siwajibu. Gauni liko juu ya magoti, kilemba kimeshaanguka, na hapo ndipo ninapogundua jambo lililonishtua kuliko miguu iliyotoka kama kandambili. Nacheka. Nacheka kwa sauti, mtu mzima, mchana, nakimbizwa na kitu kisicho na uso, na kila ninapogeuka kukitazama nacheka zaidi. Nilikuwa naogopa sana, lakini woga ulikuwa miguuni, ndio uliokuwa unakimbia. Kule kabatini ulikuwa umekaa kifuani.

Kucheka hakukunizuia kufikiri. Nilikumbuka viatu vyake mlangoni.

Nikakata kona, nikaingia nyumbani kwa mlango wa mbele bila kuvua chochote, miguu yenyewe ilikuwa mitupu. Nikasikia nyuma yangu kile kitu kinasimama. Kinakaa chini. Kinafungua kamba moja, kinafungua ya pili, kinapanga viatu. Nilipita sebuleni, nikaingia jikoni nitokee uani.

"Nyanya tayari," sufuria ikatangaza. "Bado chumvi."

Nilichukua kopo la chumvi nikaondoka nalo.

"Mama, hiyo si haki," maharage yakasema nyuma yangu, yote kwa pamoja.

Nilipotokea uani na kuzunguka nyumba, Mkimbizaji alikuwa ametoka kwa mlango wa jikoni bila viatu, amesimama kwenye kokoto, anatazama soksi zake nyeupe. Alisita kidogo, kisha akarudi ndani kupita njia aliyokuja, ili avifikie viatu vyake. Mimi nilikuwa nimeshafika mlango wa mbele. Nilivichukua viatu, nikavirusha juu ya paa, nikakivuta kiroba na kupitia nacho dirisha la chumbani.

Ndani ya kiroba kulikuwa na miguu ya mtaa mzima. Kulikuwa na iliyopasuka visigino, iliyopakwa hina, mmoja wenye bandeji. Ya Mama Gaspa ilikuwa karibu na juu, nikamtupia, akaidaka pazia likiwa bado usoni. Akaivaa, akatoka kwa dirisha lilelile nililoingilia, na alipokuwa anashuka aliniambia niwasalimie nyumbani, nikamwomba asiseme neno hilo.

Mguu wa kulia wa Yunisi niliupata, una kidole kidogo kilichopandia kingine, kama cha baba yake. Wa kushoto sikuupata. Nilimwaga kiroba chote sakafuni, nikachambua kama ninavyochambua mchele. Ulikuwa haupo, na kwenye kona ya kiroba palikuwa na tundu.

Nikafungua kabati. Yunisi alikuwa na droo tatu. Macho yalikuwa yake bado, na nywele, lakini mabega yalikuwa yameshanyooka kama ubao na kwenye paji la uso palianza kung'aa pembe ya kioo. Nilimvisha mguu wa kulia, ukaingia na kutoa mlio mdogo, na droo moja ikafifia. Mbili zilibaki.

"Wa kushoto?" akauliza.

"Unakuja," nikasema.

Jikoni sufuria ikasema, "Jirani ametuazima chumvi."

Mlangoni pa chumba Mkimbizaji alikuwa amefika. Alikuwa amevikosa viatu, kwa hiyo alikuwa anavua soksi, moja baada ya nyingine, anazikunja, anazitia mfukoni. Akimaliza angeingia.

Nilikaa sakafuni, nikashika mguu wangu wa kushoto juu ya kifundo, nikavuta. Ulitoka bila shida, nikashangaa jinsi kilivyo kizito mkononi kitu ambacho nimetembea nacho maisha yote. Nikamvisha. Kwake ulikuwa mpana kidogo, nikausukuma kwa kiganja mpaka ukakaa. Droo zikaanguka chini, mbao tupu.

"Mama, huu si wangu."

"Kimbia."

"Na wewe?"

"Mimi najua kujificha. Kimbia, Yunisi."

Akakimbia. Alimpita Mkimbizaji pembeni pale mlangoni, na yule akageuka kumfuata, kwa sababu mtoto hasalimiwi, hukimbizwa. Akapiga hatua ya kwanza. Nilikuwa nimeshaamua nilipokuwa bado nasukuma kifundo.

"Marahaba," nikamwitikia kwa sauti, kabla hajanisalimia.

Akasimama. Akageuka polepole. Nadhani hakuwahi kuitikiwa na mtu asiyelazimishwa. Akarudi, akapiga magoti mbele yangu, akakunja mikono, akasema shikamoo yake kwa mpango wake, ili mambo yawe sawa, na mimi nikamwuliza kama hajambo, kama wenzake hawajambo, kama shuleni kwao kuna maji, nikazivuta habari moja moja kama tunavyofanya na mgeni wa mbali. Alijibu zote. Huko jikoni nikasikia maharage yanasema yameiva. Nikasikia geti linajibamiza, na upande wa pili wa geti nyayo zinaupiga mtaa, mmoja mwepesi, mmoja mzito, mmoja mwepesi, mmoja mzito, zinakwenda mbali.

Ndipo akaushika mguu wangu uliobaki. Kwenye goti langu kishikio kikaanza kuota.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Shuka lilikuwa limelowa jasho. Miguu ilikuwa chini ya blanketi, sikutaka kuifunua. Yunisi aliingia na kikombe cha chai, yuko pekupeku, kaptula ya kulalia, analalamika kwamba maziwa yamekwisha na kwamba leo si zamu yake ya kuosha vyombo. Nilimtazama usoni, halafu mikononi, halafu miguuni.

Kwenye kifundo cha mguu wake wa kushoto kulikuwa na kovu la mnyororo wa baiskeli, refu, limekwenda upande kama alama ya koma. Kovu lile ni langu. Nililipata nikiwa darasa la sita, nikibebwa nyuma na kaka yangu.

Yeye hakuwa ameliona. Alikuwa bado anasema habari za vyombo.

Nikamwambia aweke kikombe chini, atoke nje kama alivyo, akimbie kwa nguvu zote mpaka getini na kurudi. Aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia kimbia. Akaweka kikombe, akatoka, na mimi nikajiinua kwa viwiko nikasogeza pazia. Nilitaka kuona kama mguu wangu unamtosha.